Nani ametuma barua hii? Historia ya fomu za tovuti na barua pepe zake

Kila mwenye tovuti anataka kitu kimoja: mgeni akijaza fomu ya "Wasiliana Nasi" na kubonyeza "Tuma", yeye apate barua pepe papo hapo. Inaonekana kazi ndogo. Mtengenezaji wa tovuti huiacha mwisho kabisa, baada ya rangi, picha na menyu, na mara nyingi analipwa na kuondoka bila mtu yeyote kuijaribu.

Lakini kwa biashara ndogo fomu hiyo ndiyo mlango. Chukua nyumba ya wageni kule Diani. Mtu aliye mbali anataka vyumba viwili wiki ya Krismasi. Anajaza fomu, anaona maneno "Asante, tutawasiliana nawe", anafunga ukurasa na kungoja. Ikiwa ile barua pepe imepotea njiani, hakuna kengele inayolia. Mgeni anangoja, mwenye nyumba naye anangoja wageni. Baada ya siku tatu mgeni anaamua kwamba amedharauliwa, anakwenda kwa jirani. Mwenye nyumba hatajua kamwe kwamba alikuwa na mteja.

Leo, ndugu msomaji, nataka tuangalie historia ya barua hiyo inayotoka kwenye fomu. Matatizo mengi tunayokutana nayo mwaka huu yana mizizi ya miaka ya 1980 na 1990, na ukiijua historia utayatambua haraka. Utaona swali moja likirudi tena na tena: nani hasa ametuma barua hii? Je, ni mgeni aliyejaza fomu, au ni seva yenye tovuti?

Barua pepe ilitangulia tovuti

Barua pepe ni mzee kuliko tovuti kwa karibu miaka 20. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN huko Marekani, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET, na ndiye aliyechagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mwaka 1982 Jon Postel alichapisha itifaki ya SMTP katika hati iitwayo RFC 821. Barua pepe bado zinasafirishwa kwa SMTP hadi leo, ingawa hati yenyewe imeandikwa upya mara kadhaa.

SMTP inafanya kazi kama posta. Kuna bahasha, na kuna barua iliyo ndani. Seva inayotuma inapiga hodi kwa seva inayopokea, inajitambulisha, kisha inasema: barua hii inatoka kwa fulani, inakwenda kwa fulani, na hii hapa barua yenyewe. Ndani ya barua nako juu kabisa kuna mistari ya utambulisho: From, To, Subject. Jina la bahasha na jina la ndani si lazima yafanane. Ni kama barua ya kawaida, ambapo unaweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha na karani wa posta asikuulize kitambulisho.

Mwaka 1982 jambo hilo halikumsumbua mtu. Mtandao ulikuwa wa vyuo vikuu, maabara za utafiti na jeshi la Marekani. Ni watu waliojuana, au waliojua wa kumpigia simu. Kwa hiyo itifaki ilimwamini kila mtu kwa neno lake.

Mwaka 1983 kulitoka na toleo la Unix la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, likiwa na programu iitwayo sendmail, iliyoandikwa na Eric Allman. Kwetu sisi faida yake kubwa ni hii: programu nyingine yoyote ndani ya kompyuta hiyo inaweza kuiita sendmail, ikaipa maandishi, na sendmail ikayapeleka duniani. Haihitaji nywila. Tarishi yuko mlangoni anangoja, na yeyote aliye ndani ya nyumba anaweza kumtuma. Weka jambo hili akilini, tutalirudia.

Tovuti inapata masikio

Tim Berners-Lee alipoanzisha wavuti kule CERN, Uswisi, kurasa zilikuwa za kusoma tu. Ungeweza kubonyeza viungo, na katika kurasa chache kuandika neno la kutafuta, basi. Mwaka 1993 mambo yalibadilika. Dave Raggett, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Hewlett-Packard kule Bristol, Uingereza, alipendekeza HTML+ iliyokuwa na fomu ndani yake. Mwaka huohuo wataalamu wa NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, waliotengeneza kivinjari cha Mosaic, walitia fomu kwenye kivinjari hicho. Kwa upande wa seva walileta utaratibu unaoitwa CGI. Fomu zikaingia rasmi katika HTML 2.0, iliyochapishwa Novemba 1995.

CGI ni wazo rahisi. Mgeni akibonyeza "Tuma", kivinjari kinafunga alichoandika kwa mfumo wa jina na thamani: jina=Amina, simu=0722 na kuendelea. Seva inapokea kifurushi hicho, inaamsha programu iliyomo kwenye folda maalumu, kwa kawaida cgi-bin, na kuikabidhi. Programu inafanya inachotaka, kisha inarudisha ukurasa wa kumwonyesha mgeni.

Sasa tovuti ikawa na masikio. Lakini nani atasoma yaliyosikika? Hifadhidata zilikuwa ghali na ngumu kwa mtu wa kawaida. Barua pepe ilikuwa tayari mezani kwa kila mwenye tovuti. Kwa hiyo watu wakafikia uamuzi uleule: ujumbe wa fomu uje kama barua.

Njia ya kwanza ya mkato ilikuwa kuiambia fomu yenyewe ipeleke barua:

<form action="mailto:info@example.com" method="post">

Haikuhitaji programu kwenye seva. Kivinjari kilitakiwa kuikabidhi kazi hiyo programu ya barua iliyomo kwenye kompyuta ya mgeni. Tatizo ni kwamba vivinjari havikukubaliana. Kimoja kilituma data, kingine kilifungua barua tupu, na mgeni ambaye hakuwa na programu ya barua alibaki akikodolea macho dirisha asilolielewa.

Wasomaji waliotumia saiba za Nairobi, Mombasa au Kampala mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaelewa hili vizuri. Kompyuta ya saiba ni ya watu wote. Hakuna aliyeweka anwani yake kwenye Outlook Express ya pale. Kila mtu alikuwa na Hotmail, iliyoanza mwaka 1996, au Yahoo Mail, iliyoanza mwaka 1997, na alizisoma ndani ya kivinjari. Ukibonyeza "Tuma" kwenye fomu ya mailto, Outlook Express ilijitokeza ikikuuliza jina lako na seva yako ya barua. Dakika zako za kulipia zinakwisha. Unafunga dirisha, na ujumbe umekufa hapo.

Skripti ya kijana wa Colorado

Suluhisho lilitoka kwa kijana aliyekuwa bado sekondari. Matt Wright wa Fort Collins, Colorado, alikuwa na tovuti iitwayo Matt's Script Archive alikogawa bure programu ndogo alizoziandika kwa Perl: kaunta ya wageni, kitabu cha wageni, ubao wa mazungumzo. Mwaka 1995 alitoa FormMail.

FormMail ilikuwa neema. Uliiweka kwenye cgi-bin, ukaiambia sendmail iko wapi, na kazi imekwisha. Fomu yoyote, yenye visanduku vyovyote, ingeweza kuielekea. Hata anwani ya kupelekea barua hukuiandika ndani ya programu, uliiweka kwenye fomu yenyewe katika kisanduku kilichofichwa:

<input type="hidden" name="recipient" value="info@example.com">

Kampuni za kuhifadhi tovuti ziliipenda kwa sababu hiyo. Waliiweka nakala moja, wateja wote wakaitumia. Mwalimu, mchungaji au mwenye duka asiyejua Perl hata kidogo akaweza kupokea ujumbe wa wageni wake. Wengi waliojifunza kutengeneza tovuti miaka hiyo walikutana na seva kwa mara ya kwanza kupitia programu hii.

Lakini tazama tena ule mstari. Anwani ya anayepokea iko kwenye ukurasa, na ukurasa uko mikononi mwa mgeni. Kisanduku kilichofichwa hakionekani kwenye skrini, ila si siri. Kinaonekana ukitazama msimbo wa ukurasa. Na hakuna kinachomlazimu mtu kutumia fomu yako. Anaweza kuandika kifurushi chake mwenyewe, akaweka anwani nyingine na ujumbe wake, akakipeleka moja kwa moja kwenye cgi-bin yako. FormMail inampa tarishi sendmail, na tarishi hamuulizi mtu wa ndani.

FormMail ilikuwa na kinga moja: iliangalia fomu imetoka kwenye ukurasa gani. Lakini taarifa hiyo, iitwayo Referer, inatolewa na kivinjari chenyewe, na ni rahisi kuighushi. Ni kama askari wa lango anayemuuliza mwizi kama yeye ni mkazi.

Watuma barua taka waliligundua. Mwaka 2001 udhaifu huo wa toleo la 1.6 na yaliyotangulia uliwekwa kwenye orodha ya kimataifa ya CVE. Programu za kiotomatiki zikawa zinazunguka wavuti zikijaribu anwani moja tu kwa kila tovuti: /cgi-bin/formmail.pl. Ikijibu, inageuzwa mtambo wa kutuma barua taka. Waliolipa gharama ni wenye tovuti. Seva iliingizwa kwenye orodha nyeusi, na kwa kuwa seva moja ilihifadhi tovuti nyingi, barua halali za majirani wasiohusika nazo zikakataliwa.

Wright alitoa matoleo yaliyozuia wapokeaji wasioruhusiwa, hadi 1.92 ya mwaka 2002. Wakati huohuo wanachama wa London Perl Mongers walianzisha mradi wa nms, wakaandika upya skripti zake kwa usalama zaidi huku zikitumika vilevile. Naye Wright, kwa uungwana, aliwashauri watumiaji wake wachukue zile za nms.

Funzo la awamu hii: anayepokea barua ya fomu lazima aandikwe kwenye seva, mahali mgeni hafiki.

PHP, lugha iliyozaliwa na fomu

Perl ilikuwa na mshindani. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alikuwa ameandika vifaa vidogo vya kujua nani anasoma wasifu wake wa kazi mtandaoni. Mwaka 1995 alivitoa hadharani kwa jina la Personal Home Page Tools, na baadaye vikaitwa PHP/FI. Herufi hizo mbili za mwisho zilisimamia maneno yenye maana ya "mfasiri wa fomu". Yaani kushughulikia fomu ni sehemu ya kuzaliwa kwake.

PHP ilileta kitendo kiitwacho mail(). Sasa hukuhitaji hata FormMail. Mstari mmoja ulitosha:

mail($kwa, $kichwa, $ujumbe, "From: $barua_ya_mgeni");

Mstari huu umenakiliwa kutoka mafunzo moja hadi mengine kwa zaidi ya miaka 20, na una matatizo mawili.

La kwanza: mail() ikijibu "ndiyo", maana yake ni kwamba ujumbe umekabidhiwa kwa sendmail. Haisemi kama umefika. Mwongozo wa PHP wenyewe unaonya hivyo. Lakini skripti nyingi zikishapata hiyo "ndiyo" humwandikia mgeni "Ujumbe wako umetumwa kikamilifu". Hapo ndipo yule mgeni wetu wa Diani alipopewa matumaini.

La pili ni baya zaidi. Mistari ya utambulisho wa barua pepe hutenganishwa na alama ya mstari mpya tu. Kama unachukua alichoandika mgeni na kukibandika baada ya "From:", itakuwaje akiandika anwani, akaweka alama ya mstari mpya, kisha akaandika "Bcc:" na orodha ya anwani mia moja? Barua itatoka na mstari wa ziada, na watu mia moja watapokea nakala wasiyoiomba. Mwaka 2005 mashambulizi ya namna hii yalienea sana. Wenye tovuti walianza kuona jumbe za ajabu kwenye fomu zao, maneno yasiyo na maana yenye anwani bandia za domeni yao wenyewe. Hao walikuwa maroboti wakijaribu kila kisanduku kuona kipi kinapenya.

Dawa ni kukataa alama ya mstari mpya katika chochote kinachoingia kwenye mistari ya juu, au kutumia maktaba inayofanya hivyo kwa niaba yako. Maktaba iliyoenea zaidi ni PHPMailer, iliyoanza mwaka 2001. Hata yenyewe haikupona. Desemba 2016 mtafiti Dawid Golunski alitangaza udhaifu wake uitwao CVE-2016-10033. Kwenye fomu zilizoweka anwani ya mgeni kuwa mtumaji, mshambuliaji aliweza kuandika anwani yenye alama za nukuu kwa ujanja, ikaongeza maagizo kwa sendmail, na sendmail ikaandika faili ndani ya folda ya tovuti. Kutoka hapo angeweza kuendesha msimbo wake kwenye seva yako.

Ona jinsi matatizo haya yanavyofanana. Miaka 11 imepita kati ya shambulio moja na jingine, na yote mawili yameingilia mlango uleule: kuchukua anwani aliyoandika mgeni na kuifanya ya mtumaji.

Maroboti wanaojaza fomu

Kuna kundi jingine la maroboti ambalo halitaki kuiba seva. Linataka tu usome matangazo yake. Linajaza fomu kama mtu, na barua inakufikia kihalali kabisa.

Dhidi ya hao tulipata CAPTCHA, yale maandishi yaliyopindapinda ya kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Mwaka 2007 ulianza mradi wa reCAPTCHA katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, uliotumia majibu ya watu kusoma maneno ya vitabu vya zamani yaliyozishinda kompyuta, na Google wakaununua mwaka 2009. Akismet ilianza mwaka 2005 kuchuja taka kwenye blogu, na baadaye fomu nazo zikanufaika. Mtego rahisi ambao bado unasaidia ni kuweka kisanduku ambacho binadamu hakioni. Kikijazwa, aliyejaza ni roboti.

Angalia pia ile barua ya "asante" inayorudishwa kwa mgeni. Ikiwa inanakili alichoandika, roboti ataweka anwani ya mtu mwingine kama yake, na tovuti yako itampelekea mtu huyo tangazo kwa jina lako. Hii ni FormMail iliyovaa nguo mpya.

Barua zinaanza kudaiwa pasipoti

Wakati watengenezaji wa fomu wakipambana na hayo, wenye huduma za barua walikuwa wameanza kurekebisha ule udhaifu wa mwaka 1982. Walitaka kila domeni iweze kuthibitisha barua zake. Zikaja hatua tatu.

SPF, iliyochapishwa kama RFC 4408 mwaka 2006, inamruhusu mwenye domeni kutangaza kwenye DNS ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma barua zake. DKIM, ya mwaka 2007, iliyounganisha kazi za Yahoo na Cisco, inaitia barua sahihi ya kidijitali ambayo mpokeaji anaihakiki kwa ufunguo ulio kwenye DNS. Kisha DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012 na kuchapishwa kama RFC 7489 mwaka 2015, inaangalia kama jina lililo kwenye From linaafikiana na lililothibitishwa, na inamwachia mwenye domeni aseme barua isiyoafikiana ifanyweje: ipite, iwekwe kwenye taka, au ikataliwe.

Aprili 2014 Yahoo walichagua neno la mwisho. Wahalifu walikuwa wakituma barua kwa kujifanya watumiaji wa Yahoo, na Yahoo wakatangaza kwamba barua yoyote yenye yahoo.com kwenye From, isiyothibitishwa na wao, ikataliwe. AOL walifuata mwezi uleule.

Sasa rudi Diani. Fomu ya nyumba ya wageni imeandikwa kwa ule mstari wa zamani, From ikiwa ni anwani ya mgeni. Mgeni mwenye Yahoo anaandika. Seva ya tovuti inatuma barua kwa Gmail ya mwenye nyumba ikisema "mimi ni yahoo.com". Gmail inauliza DNS ya Yahoo, inaambiwa seva hii haitambuliwi na barua ikataliwe. Inaikataa. Mjumbe hauawi, lakini huyu amerudishwa mlangoni.

Ugumu wake ni kwamba fomu haijaharibika. Wageni wenye domeni zisizo na sheria hiyo wanapita. Mwenye nyumba anaona barua zikiingia na kuamini kila kitu kiko sawa. Ni kundi moja tu la watu ambalo limefungiwa nje kimya kimya, na taarifa ya kukataliwa imerudi kwenye seva ambako hakuna anayeisoma.

Mlango uliendelea kubanwa. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanataka kila anayetuma barua kwa wateja wao awe na SPF au DKIM, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa watumiaji wa Gmail awe na zote mbili pamoja na DMARC. Fomu ya mwaka 2005 iliyowekwa kwenye seva ya bei nafuu na kusahaulika, leo inaweza isifikishe hata barua moja.

Wale walioweka akiba kwanza

Kuna mfano wa nyumbani unaoonyesha njia nyingine. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, wanablogu na wasanidi programu kadhaa, wakiwemo Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walianzisha Ushahidi. Mtu aliyeshuhudia tukio aliweza kulieleza kupitia fomu ya tovuti au SMS, na taarifa zikaonyeshwa kwenye ramani.

Hapa fomu haikuwa kifaa cha kupelekea mtu mmoja barua. Taarifa ilihifadhiwa kwanza, watu wakaipitia, ndipo ikachapishwa. Jukwaa lilipokua liliongeza huduma ya kumjulisha msomaji kwa barua pepe au SMS pale taarifa mpya ilipoingia kuhusu eneo lake. Mpangilio huo ndio wa kuiga: hifadhi ni kitu kimoja, taarifa ya kujulishwa ni kingine. Barua ikipotea, ushahidi upo.

Tovuti zetu nyingi hazifanyi hivyo. Contact Form 7, programu-jalizi ya WordPress iliyotolewa na Takayuki Miyoshi mwaka 2007 na kuenea duniani kote, yenyewe inatuma barua tu, haihifadhi ujumbe. Mwandishi wake ametoa nyingine, Flamingo, kwa kazi ya kuhifadhi, lakini ni lazima uiweke mwenyewe.

Basi tufanyeje?

Ukiunganisha mafunzo ya historia hii, unapata orodha fupi:

1. Hifadhi kwanza. Ujumbe uingie kwenye hifadhidata kabla barua haijatumwa, na mgeni aambiwe "tumeupokea" baada ya hapo tu.

2. Anayepokea aandikwe kwenye seva, kamwe asiwe kwenye fomu. Hili ni deni la FormMail.

3. From iwe anwani ya domeni yako mwenyewe, kwa mfano fomu@ ikifuatiwa na jina la tovuti yako. Anwani ya mgeni iweke kwenye Reply-To. Ukibonyeza "Jibu" barua itamwendea yeye, na hujamdanganya mtu kuhusu aliyetuma. Kwa kweli ni seva yako iliyotuma.

4. Usiandike mail() kwa mkono. Tumia maktaba inayotunzwa, toleo jipya, itakayoingia kwenye seva ya barua kwa jina na nywila, kwa kawaida kupitia mlango 587.

5. Weka SPF, DKIM na DMARC kwenye DNS ya domeni yako. Ikiwa barua za fomu zinapita kwa huduma nyingine tofauti na barua zako za kawaida, hakikisha huduma hiyo nayo imetajwa.

6. Weka mtego wa maroboti, na barua ya "asante" isinakili alichoandika mgeni.

7. Omba unachohitaji tu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, jina, simu na barua pepe ya mgeni ni data za mtu na una wajibu nazo. Usizirundike kwenye hifadhidata miaka kumi bila sababu.

Kwa anayesimamia tovuti ya mtu mwingine ningeongeza la nane: linganisha hesabu. Kila mwezi hesabu jumbe zilizo kwenye hifadhidata na barua zilizofika kwa mwenye tovuti. Zikitofautiana, kuna mlango umefungwa mahali.

Na jaribio la leo linachukua dakika tano. Fungua tovuti yako, jaza fomu mara mbili kama mgeni, mara moja kwa anwani ya Gmail na mara ya pili kwa anwani ya Yahoo. Kisha fungua sanduku lako la barua, na folda ya taka pia, uhesabu. Kama zimefika mbili, hongera. Kama imefika moja au hakuna, sasa unajua pa kuanzia, na huenda pia umejua kwa nini simu imekuwa kimya.